Jibu Langu Lilitoka Hasi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau majina ya wajukuu zangu, hiyo itabaki. Ni siku niliyosimama mbele ya mlango wa ofisi ya mwalimu wangu wa fizikia, chuoni Bukoba, mkononi nina karatasi zilizokunjamana, na nyuma yangu amesimama shangazi yangu Veneranda, ameziba njia nisipate pa kukimbilia.

Nakusimulia leo kwa sababu umefika hapa Nshamba tangu Ijumaa. Unamenya ndizi vizuri, unafagia ua bila kuambiwa, unanisaidia hata kuanika kahawa. Lakini baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja, akipiga simu kuuliza masomo yanaendeleaje, unamjibu kwa neno moja na kutoka nje. Mimi sikuulizi kitu. Mambo mengine mtu hayasemi akiulizwa, huyasema akishasikia ya mwenzake. Sogea hapo karibu na mlango upate hewa, tafuna kahawa hiyo taratibu, unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilizaliwa Buganguzi, kwenye kibanja cha babu yako, migomba imeizunguka nyumba na mibuni imejipenyeza katikati yake. Nilikuwa binti wa kwanza wa kitongoji chetu kwenda chuo kusomea hesabu na sayansi. Siku naondoka, watu wa jumuiya walikuja kutusalisha. Mama alilia. Baba, ambaye ndiye babu yako, hakusema kitu, ila alibeba godoro langu kichwani mwenyewe mpaka barabarani, na wanaume wa rika lake hawakuwa na desturi hiyo. Waliomkuta njiani walimtania, "Ta Projestus, unahama?" Naye akawa anawajibu wote maneno yale yale, bila kucheka: "Binti yangu anakwenda kuwa mwalimu."

Chuo chetu hakikuwa kikubwa. Tulisoma hesabu, uchumi, uhasibu, fizikia na kemia kwa pamoja, maana tulitarajiwa kupelekwa shule ambazo mwalimu mmoja hufundisha kila somo lililokosa mtu. Na kila mara wakufunzi walitupa rundo la maswali ya kwenda kuyafanya wenyewe, hayo mnayoyaita asaimenti. Hesabu ilikuwa na milinganyo yake. Uchumi ulituuliza mkulima wa kahawa afanye nini bei ikipanda msimu huu na kila jirani akakimbilia kupanda mibuni mipya. Uhasibu ulituletea mfanyabiashara wa kubuni, asiyejua kuweka kumbukumbu, ili sisi tumtengenezee urari wake mpaka pande mbili zilingane. Nilizipenda kazi hizo, mwanangu. Wenzangu walizikimbia, mimi nilizikimbilia. Nilikuwa nakaa chini ya dirisha la darasa mchana baada ya chakula, na mpaka kengele ya jioni inalia nimeshamaliza.

Ndiyo maana wakanipa jina, Mama Hesabu. Nilijifanya silitaki, lakini nililipenda. Mtu akikwama alikuja kwangu. Hata Hadija, rafiki yangu wa karibu, binti wa Kiislamu wa pale pale Bukoba mjini, ambaye babu yake alihamia kutoka pwani, alikuwa akija kwangu kwa hesabu na fizikia, nami nakwenda kwake kwa uhasibu. Alikuwa na kichwa chepesi cha mambo ya biashara, ameyanyonya dukani kwao. Tulifundishana tukicheka. Nasema hivi ujue kwamba sikuwa mpweke pale chuoni. Nilikuwa na rafiki, na rafiki alilala kitanda cha jirani.

Basi, muhula wa pili ukaja na karatasi ya fizikia kutoka kwa Mwalimu Rwechungura. Huyu alikuwa mkufunzi mrefu, mkimya, ambaye hakuwahi kumpiga wala kumtukana mtu, lakini akikutazama juu ya miwani yake unajikuta unakumbuka makosa ambayo hukuyafanya. Alisema karatasi ile itahesabiwa katika alama za kuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Asiyeileta, au akaileta na makosa mengi, angesubiri mwaka mwingine.

Maswali manne ya kwanza niliyamaliza kwa raha. La tano nilipolisoma nikaona ni jepesi kuliko yote. Unacho kipande cha metali cha moto, unakitumbukiza kwenye maji baridi. Umeambiwa uzito wa vyote viwili, joto la mwanzo la kipande, joto la mwanzo la maji, na joto ambalo vyote viwili vimetulia pamoja. Kwa hayo utafute metali hiyo inahitaji joto kiasi gani ili kila gramu yake ipande nyuzi moja. Kitu tulichokuwa tumekifanya darasani mpaka tukakichoka.

Nikakokotoa. Jibu likatoka hasi.

Nikatabasamu, nikafuta, nikaanza upya. Likatoka hasi. Nikabadilisha pande, nikaangalia alama, nikaenda maktaba nikafungua kitabu nikafuata mfano mstari kwa mstari. Hasi. Unaelewa maana yake? Ilikuwa ni sawa na kusema kuna kitu ambacho ukikiweka motoni kinapoa. Nilijua haiwezekani. Lakini kwa kuwa haiwezekani, nikasadiki kwamba aliyekosea ni mimi. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa vizuri, juu ina jina la idara, chini ina sahihi ya mwalimu. Nani angeitilia shaka karatasi kama hiyo?

Siku moja tunafua nguo, Hadija akaniuliza, "Kemi, namba tano umepata?"

Nikamwambia, "Bado naiandika vizuri."

Akasema, "Mimi nimeshamaliza," akainama akaendelea kusugua kola ya shati lake.

Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Hadija amemaliza, Hadija ambaye mimi ndiye ninayemfundisha. Nikasikia na wengine wanasema wamemaliza. Darasa zima limepata, Mama Hesabu hajapata. Sasa ningemwendea nani? Wote walizoea kuja kwangu, sikuona mlango wa mimi kwenda kwao. Kutaja tu kwamba nimekwama niliona kama kuvua nguo hadharani.

Hofu ile haikubaki kwenye swali la tano, mwanangu. Ilisambaa kama maji yaliyomwagika mezani. Nikaanza kuyatilia shaka hata yale manne niliyoyapata. Nikarudi kwenye hesabu, nikaona pengine zile nazo nilibahatisha. Darasani mwalimu akiuliza swali, sikunyoosha mkono tena. Nikaanza kujiambia kwamba nimewadanganya watu wote, kwamba akili niliyosifiwa haikuwapo tangu mwanzo, na kwamba ni heri niondoke mwenyewe kabla haijagundulika.

Siku ya kukusanya karatasi sikukusanya. Niliwaambia wenzangu nyumbani wameniita, nikafunga godoro langu, nikapanda basi la Muleba.

Nyumbani walinipokea kama mgeni wa heshima. Nilisema tumepewa mapumziko. Mama alipika ndizi na maharage na samaki, chakula cha sikukuu, na mimi nikakila huku kila tonge linanisuta. Jioni jirani mmoja alimleta binti yake mdogo, akasema, "Mwalimu, mwangalie huyu, atafaa kusoma kama wewe?" Baba akacheka kwa furaha. Nikainuka nikasema naenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Sasa nikwambie kuhusu Shangazi Veneranda. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwenye nyumba yake chini kidogo ya kibanja chetu. Alisoma kidogo kwa masista wa Kashozi utotoni, akajua kusoma na kuandika na kuimba Kilatini asichokielewa. Alikuwa mtu wa kusema. Alishawahi kumwambia padre mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu na ndizi zinaungua majumbani. Wakubwa kwa wadogo walimpenda na kumwogopa.

Asubuhi ya pili alikuja, akanikuta uani naosha vyombo. Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia mpaka nikaishiwa vyombo vya kuosha.

"Umekuja na godoro," akasema.

Nikamwaga maji ya vyombo.

"Mtu wa mapumziko haji na godoro. Nani amekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza, shangazi."

"Umepata mimba?"

"Hapana, shangazi."

"Basi sema."

Nikasema yote. Nilianza na kipande cha metali na maji, nikamaliza kwa kulia. Yeye hakuelewa habari za nyuzi na gramu, wala hakujifanya anaelewa. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa ncha ya kanga yake nijifute, kisha akauliza swali moja.

"Na huyo mwalimu, ulipomwambia limekushinda, alisemaje?"

"Sijamwambia."

"Hujamwambia."

"Ndiyo, shangazi."

Nilitegemea anipe pole. Badala yake sauti yake ikabadilika, ikawa ile aliyomtolea padre.

"Kwa hiyo unamkimbia mtu ambaye hajui kwamba unamkimbia. Umemhukumu yeye, umejihukumu wewe, umemhukumu na baba yako aliyebeba hilo godoro, na hao wote hujawauliza neno. Nani kakupa kazi hiyo? Sikiliza, Kemilembe. Kesho tunakwenda Bukoba, mimi na wewe. Utamwambia mwalimu wako hujui. Akikufukuza, utarudi hapa umefukuzwa, hujakimbia. Aliyefukuzwa tunajua pa kuanzia naye. Aliyekimbia tunamsaidiaje, na hata yeye hajui alichokikimbia?"

Nikajaribu kusema nitakwenda peke yangu. Akacheka, akasema yeye naye ana hamu ya kuliona Ziwa.

Ndivyo tulivyofika kwenye ule mlango nilioanza nao. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na amebeba mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya mwalimu, maana aliona haifai kuingia kwa mtu mikono mitupu. Njia nzima nilimwomba auache, hakusikia. Mkono wangu ulikataa kuinuka kugonga. Akagonga yeye.

Mwalimu Rwechungura alitutazama juu ya miwani yake, akautazama na mkungu. Kisha akainuka, akamsalimu shangazi kwa Kihaya, kwa unyenyekevu ambao sikujua anao, akampa kiti chake mwenyewe.

"Kasinge, waitu," shangazi akamshukuru, akakaa. "Mwalimu, huyu ana jambo anaogopa kukwambia. Mimi nimemsindikiza tu." Akafumba mdomo, na nakuapia hajawahi kufumba mdomo kwa muda mrefu vile maishani mwake.

Nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. "Mwalimu, sikuleta karatasi yangu. Swali la tano limenishinda. Nimelirudia mpaka nimechoka, na kila nikilifanya linatoka hasi."

"Lete nione."

Nikampa zile karatasi zilizokunjamana, zote, pamoja na zilizofutwafutwa. Akazinyoosha mezani moja baada ya nyingine. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akachukua kalamu nyekundu, lakini hakuandika kitu. Akavuta nakala ya swali lenyewe kutoka droo, akaisoma. Akaisoma tena, midomo ikicheza. Halafu akavua miwani.

"Kemilembe, kipande cha metali kilikuwa na nyuzi ngapi mwanzoni?"

"Themanini, mwalimu."

"Na maji?"

"Ishirini."

"Vilipochanganyika, vikatulia kwenye nyuzi ngapi?"

"Tisini na mbili."

Aliniacha nijisikie. Na mimi, mwanangu, kwa mara ya kwanza nikasikia nilichokuwa nikikisema. Kitu cha themanini na kitu cha ishirini, ukivichanganya, vikawe tisini na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuchanganya maji ya moto na ya baridi kwenye karai la kuogea akapata maji ya moto zaidi ya yale aliyoyatoa jikoni. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini namba zile zilikuwa zimepigwa chapa, nami nilizichukua kama zilivyo nikazitia kwenye mlinganyo, na mlinganyo ukawa unaniambia kweli kila siku, mimi nikawa nauambia unaongopa.

"Ilitakiwa iwe ishirini na tisa," mwalimu akasema taratibu. "Mpiga chapa amezigeuza tarakimu, na mimi nikatia sahihi bila kusoma. Swali hili kama lilivyo halina jibu. Kazi yako ni sahihi. Ni sahihi yote."

Shangazi alikuwa akitutazama kwa zamu. Akauliza, "Kwa hiyo huyu mtoto amekosea?"

"Hapana, mama. Nimekosea mimi."

"Aha," akasema shangazi. Akavuta pumzi ndefu, akajifuta shingo kwa kanga. "Basi mwalimu, naomba maji ya kunywa."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikashindwa kusimama, nikachuchumaa pale pale kando ya mkungu wa ndizi. Mzigo niliokuwa nimeubeba ukatoka begani kana kwamba mtu ameunyanyua kwa mkono. Mpaka leo nikikumbuka hewa ya ofisi ile, yenye vumbi la chaki na harufu ya mvua dirishani, naona kifua changu kinapanuka.

Lakini mwalimu hakucheka. Alikuwa amekwenda kabatini na kutoa karatasi za wenzangu. Akawa anafungua moja, anaweka, anafungua nyingine. Uso wake ukawa mzito. Kila mmoja alikuwa na jibu la swali la tano, jibu moja, chanya, nadhifu, linalofanana mpaka nukta. Lilikuwa ndilo jibu la karatasi ya mwaka uliotangulia, kabla tarakimu hazijageuzwa.

Nikaacha kucheka. Nikamfikiria Hadija.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani na rundo lile kwapani. Aliandika swali ubaoni kama lilivyochapwa, pamoja na ile tisini na mbili, akageuka akatutazama. Aliyekuwa na akili akaliona kosa mara moja, na unajua mtu aliyeliona alivyo, anatazama dawati. Nilijua sheria ya chuo kuhusu kunakili. Niliwaza wenzangu wote watafunga mizigo, na mimi ndiye niliyeleta balaa.

Mwalimu hakuuliza nani kanakili. Aliuliza jambo lingine.

"Kabla hamjapata jibu mliloniletea, nani alijaribu mwenyewe akapata hasi?"

Kisha Hadija, aliyekaa pembeni yangu, akainua mkono. "Mimi, mwalimu. Nilipata hasi. Nikaona aibu. Nikapewa jibu la mwaka jana nikaandika hilo."

Nyuma yetu mkono mwingine ukapanda. Halafu mwingine, upande wa dirisha. Ikapanda taratibu, mmoja mmoja, watu wakigeuka kutazamana, mpaka karibu darasa zima lilikuwa na mikono juu. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Wote tulipata hasi. Wote tulipata kitu kile kile, sahihi, na kila mmoja wetu aliamini ni mjinga peke yake. Tulilala chumba kimoja, tukala meza moja, tukafua nguo kwenye bomba moja, na katika midomo yote ile hakutoka hata mmoja wa kusema, jamani, mimi linanitoka hasi. Laiti ungetoka, tungelimaliza lile jambo kabla nguo hazijakauka.

Mwalimu Rwechungura alikaa kwenye ukingo wa meza. Akasema kosa la kwanza ni lake, alitia sahihi karatasi asiyoisoma. La pili ni letu, tulitia majina yetu kwenye jibu tusiloliamini. Alisema hatamwadhibu mtu kwa kosa ambalo yeye ndiye aliyelifungulia mlango, ila swali hilo limefutwa, na kila mmoja atalifanya upya kwa namba sahihi mbele yake, siku hiyo hiyo, bila karatasi nyingine mezani. Ungesikia pumzi zilivyoshushwa darasani mle. Tulilifanya. Lilitoka chanya kwa wote. Hadija alimaliza kabla yangu, na alipotoka nje alinisubiri mlangoni, akanipiga kofi dogo begani, akasema, "Mama Hesabu, siku nyingine ukikwama niambie na mimi nipumue."

Kwa hiyo nilimaliza chuo. Nikafundisha huko Muleba na Bukoba mpaka nikastaafu. Hadija akaacha ualimu mapema, akawa mhasibu, na ni yeye aliyenifurahisha siku moja kwa kunikumbusha kitu tulichosoma pamoja. Alisema wahasibu urari wao ukikataa kulingana hawalazimishi, wala hawafungi duka wakakimbia. Wanafungua akaunti ya muda, ile tofauti wasiyoijua chanzo chake wanaiweka humo waziwazi, kila mtu aione, wanaendelea na kazi huku wakiitafuta. Akasema, "Unaona, Kemi, watu waliweka kabisa mahali rasmi pa kuandika kwamba hapa bado hatujui."

Sasa nimefika kwako.

Sijui ni swali gani lililokuleta hapa. Huenda ni la uchumi, huenda ni la kemia, huenda karatasi yenyewe haina kosa lolote na wewe kweli hujaelewa. Hilo nalo lipo, tena ndilo la mara nyingi. Nimefundisha miaka yangu yote, na maswali yaliyokosewa na mpiga chapa ni machache. Sikwambii kila ukikwama ulaumu karatasi. Nakwambia hivi: mtu aliyekwama hawezi kujua peke yake kama kosa liko kwake au kwenye karatasi. Ndiyo maana lazima aseme.

Siku hizi mna simu. Nimekuona unaiuliza maswali, nayo inakujibu upesi kuliko Mwalimu Rwechungura. Itumie, si mbaya, ingekuwapo wakati wangu ningeitumia. Lakini ukishapewa jibu, liulize nalo kama linakaa duniani. Je, maji haya yanaweza kuwa ya moto hivi? Je, kwa bei hii mtu wa Nshamba anaweza kununua kitu? Usitie jina lako chini ya jibu ambalo moyo wako unalikataa, hata kama darasa zima wameliandika. Na usiione hasi yako ukaificha. Ipeleke ilivyo, na karatasi zake zilizofutwafutwa, maana mwalimu mwema anaona zaidi kwenye ulichokifuta kuliko kwenye ulichokinakili.

Kuhusu baba yako, usimwogope. Ni mtoto wa Ta Projestus yule yule. Mwambie umekwama. Atanyamaza, kisha atakuuliza unahitaji nini. Na kama mlango wa mwalimu unakutisha, mimi miguu yangu bado inafika Bukoba, na ndizi za kumpelekea zipo kibanjani. Nitagonga, nitakaa, nitafumba mdomo. Hilo la mwisho nitajitahidi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani. Akulainishie moyo wa mwalimu wako, akuwekee rafiki wa kweli kwenye kitanda cha jirani, akupe ulimi wa kusema sijui bila kutetemeka na masikio ya kusikia utakachojibiwa. Na ukija likizo, uje na njaa ya chakula changu na kelele zako za utotoni, nyumba hii imezikosa. Amina.